Wino Kwenye Kidole cha Mwisho

"Kaa hapo," muuguzi alimwambia mpelelezi. "Wewe ndiye mtoto."

Kituoni walizoea kumwita mpelelezi huyo Kiroboto, kwa kuwa akishaingia kwenye nguo za mtu hatoki mpaka mwenyewe avue. Alikuwa mtu wa kilo nyingi na pumzi chache, na kigoda cha chumba cha mahojiano kililalamika alipokikalia. Alitii hata hivyo. Mkuu wa kituo alikuwa amesema bila kuzunguka: kesho asubuhi muuguzi huyu afikishwe mahakamani kwa kumchoma mtoto chanjo bila ridhaa ya wazazi wake, ama Kiroboto alete sababu ya maana ya kutomfikisha. Na mtoto mwenyewe, msichana wa miaka miwili, alikuwa amelazwa hospitali, homa imempanda, degedege linamshika na kumwachia.

Muuguzi alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo. Alishasimamishwa kazi, lakini alikuja na sare yake nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mama amekaa, mtoto yuko mapajani," alieleza. "Mimi nashika mkono wa kushoto, hivi. Nachoma hapa juu." Alimfinya Kiroboto nyama ya mkono, naye akaruka.

"Taratibu, sista!"

"Hujachomwa bado, afande. Nikitoa sindano, nateremka na mkono ule ule mpaka kidole cha mwisho, napaka wino kwenye ukucha na ngozi, alama kuwa ameshachanjwa. Siuachii mpaka nimalize vyote viwili."

"Kwa nini usipake mkono mwingine, ule usiouma?"

"Kwa sababu nikishauachia, mtoto anauficha kifuani kwa mama yake, na hapo hata uje na jeshi huupati."

Kiroboto alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Siku ile nani alikuwa anapaka wino?"

"Mimi. Mwenzangu alikuwa anaumwa. Kuchoma mimi, kupaka mimi."

"Basi kidole cha mtoto huyu kina wino."

"Nimeambiwa. Sikumchoma na sikumpaka. Mama yake namkumbuka."

"Foleni ilifika barabarani, na wewe unamkumbuka mama mmoja?"

Muuguzi alitazama mikono yake. "Wengi wananipa mkono wa mtoto wakiangalia pembeni. Yeye aliniuliza swali. Alisema mtoto wake mkubwa alishikwa na degedege baada ya sindano kama hii. Akataka kujua huyu mdogo itakuwaje."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia chanjo ni salama. Akauliza tena. Nikamwambia, mama, una watu nyuma yako, kama hutaki kaa pembeni nitakuita. Akakaa pembeni."

"Ukamwita?"

"Nilipokuja kuinua kichwa, hakuwepo."

Kiroboto alikuwa amekaa na waongo wa kila namna, na kitu kimoja alikijua juu yao: mwongo hujipaka mafuta. Mwongo angesema alimkalisha mama yule, akamweleza kwa upole, akampa na maji ya kunywa. Huyu alikuwa amejisema vibaya kuliko hati ya mashtaka ilivyomsema. Alimwomba asubiri kwenye benchi la nje, akachukua kofia yake.

Wodi ya watoto ilinukia dawa ya kusugulia sakafu na uji uliopoa. Baba wa mtoto, fundi wa pikipiki mwenye grisi iliyokwisha kuwa sehemu ya kucha zake, alikuwa anatembea ukumbini huku na huko.

"Mmeshamfunga?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado. Wewe uliona mtoto akichomwa?"

"Sikuwepo. Nilirudi kazini nikaona wino. Nikamwuliza mke wangu, akaniambia wamemchoma bila kumsikiliza." Sauti ilimpanda, na mhudumu mmoja akachungulia mlangoni. "Afande, sisi hatukuikataa chanjo. Watu wanatusingizia. Tulisema tuelezwe kwanza, maana yaliyotupata kwa mkubwa wake tunayajua sisi. Kumweleza mtu kunamaliza nini? Mtoto ni wetu, nikiuliza naambiwa mjinga. Na kule anakolelewa mchana wamepokea amri: asiye na wino asikanyage. Sasa hapo nimeulizwa au nimesukumwa?"

"Umesukumwa," alisema Kiroboto, na hakuwa anamridhisha tu. Yeye mwenyewe alipofanyiwa upasuaji wa ngiri alipewa karatasi atie sahihi akiwa amekwisha vuliwa suruali, na mtu asiye na suruali hana maswali mengi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alijibu huku akiandika.

"Homa ya chanjo, afande. Ile ya surua ndiyo tabia yake. Wiki moja baada ya sindano homa inaweza kupanda, na kwa watoto wachache huja na degedege. Tunaishusha, tunangoja ipite."

"Umejuaje kuwa alichanjwa?"

Daktari aliinua uso, kama aliyeulizwa amejuaje kuwa ni mchana. "Ana wino."

"Na homa ilitakiwa ipite lini?"

Hapo kalamu ilisimama. "Ingekuwa imeshaanza kushuka," alisema.

Kitandani, bibi mzaa baba alikuwa anamkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Mama hakuwepo. Tajiri wake kwenye kazi ya udobi alikuwa amempa nusu siku ya kuuguza na si zaidi, kwa hiyo mama mkwe na mkwe walikuwa wanapokezana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kaa, lakini kaa mbali kidogo, una joto jingi."

Kiroboto alirudisha kiti nyuma. Mtoto alikuwa amelala, shingo kaikaza, anahema kwa haraka, na midomo imemkauka. Mpelelezi alikuwa na wajukuu. Alijilazimisha kutazama vidole.

"Baada ya chanjo alisumbua, bibi? Mkono ulimvimba?"

"Wa jirani ulivimba, akalia mpaka tukakoma. Nikamkanda mimi huyu huyu. Wetu wala! Namwogesha kila siku, sikuona hata alama. Nikasema huyu kachukua ngozi ya ukoo wetu."

"Mkono huu wenye wino ni wa kulia?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Mtoto akilala hugeuka, mwanangu. Mikono haihami."

Ulikuwa wa kulia. Na wino ulikuwa wa zambarau, umeanza kutoka kwenye ngozi lakini umeshikilia pembeni mwa ukucha. Kiroboto aliinuka akaenda kitanda cha pili, kwa mvulana mdogo aliyefungwa mguu uliovunjika.

"Bwana mkubwa, nionyeshe kidole chako cha chanjo."

Mvulana alikitoa kwa fahari. Kushoto. Na rangi yake haikuwa zambarau, ilikuwa nyeusi iliyoelekea kahawia, imekauka kama alama ya moto. Kiroboto akabaki amesimama mbele ya mvulana, wanatazamana. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa upande wa kulia wa Kiroboto. Mtu anayeona alama ya mtoto wa jirani akiwa uso kwa uso naye, kisha akaenda kuiiga kwake kwa haraka, angeweza kukosea mkono. Muuguzi asingekosea, kwa sababu mkono haumtoki.

Aliyepaka hakuwa muuguzi. Basi ni nani mwenye faida na kidole kilichopakwa?

Akili yake ilikimbilia kwa mlezi wa watoto wa mchana. Mtoto mmoja akifukuzwa, ada ya mtoto huyo nayo inatoka mlangoni. Nyumba yenyewe haikuwa mbali, ilikuwa ya vyumba viwili, watoto wamelala usingizi wa mchana kwenye mikeka. Mlezi, mama mnene mwenye kanga mabegani, aliposikia tuhuma hiyo alishika kiuno.

"Mimi nipake wino? Wino nitautoa wapi, afande? Nimeambiwa nitazame kidole, natazama kidole. Mkono gani mimi sijali."

"Mtoto huyu ulimtazama?"

"Sikuhitaji. Siku aliporudi, mama yake alimwinua mkono juu hapo hapo mlangoni, hata salamu hajatoa. Nikamwambia shusha mtoto, dada, huku si kwenye kura."

Kiroboto alimshukuru, na aliporudi kwenye gari hakuwa na haraka ya furaha aliyoizoea uzi unapofunguka. Alimwambia dereva ampeleke kwa dobi.

Chumba cha udobi kilikuwa cha mvuke, mashine mbili zinanguruma nyuma na mashuka yameninginia mpaka usoni. Mama wa mtoto alikuwa anapiga pasi mashati kwenye meza ndefu. Alikuwa kijana kuliko Kiroboto alivyodhani, na chini ya macho yake pameingia vivuli. Alipoona kofia ya polisi, aliita kwa sauti ndogo.

"Mwanangu?"

"Yupo. Nimetoka kwake sasa hivi. Bado anaumwa."

Mama alishusha pumzi akaendelea kupiga pasi. Kiroboto aliokota shati moja lililokunjwa, akageuza kola. Ndani yake kulikuwa na herufi mbili na mstari, kwa wino wa zambarau.

"Hizi alama za wateja anaziweka nani?"

"Mimi."

"Hazitoki?"

"Hazitoki hata kwa dawa ya madoa. Ndiyo sababu."

"Na kwenye ngozi?"

Pasi ilisimama. Ilikaa pale pale mgongoni mwa shati la watu, mpaka moshi mwembamba ukaanza kupanda, na Kiroboto ndiye aliyenyoosha mkono akaiinua na kuiweka kwenye kisahani chake.

"Sikuja kukufunga, mwanangu," alisema. "Nimekuja na jambo baya kuliko hilo. Daktari anangoja homa ya chanjo ipite. Akiona kidole tu, hatafuti kitu kingine. Na mimi nadhani chanjo hakuna."

Mama alitikisa kichwa.

"Lakini walimpima damu."

"Ndiyo?"

"Walichukua damu, afande. Nilisema wakishaipima wataona hajachomwa. Si inaonekana? Daktari si anajua? Nikasema wao wanajua, wameamua kuiita homa ya chanjo wenyewe, mimi ni nani nibishane nao?" Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Haionekani?"

"Haionekani. Yeye amesoma kidole, basi."

Mama alikaa juu ya rundo la mashuka machafu, na maneno yakamwagika. Alisema jinsi alivyowekwa pembeni siku ya chanjo, akakaa juani na mtoto mgongoni mpaka aibu ikamwinua. Jinsi mkubwa wake alivyowahi kumkakamalia mikononi baada ya sindano, macho yamegeuka, yeye akadhani ndiyo basi. Mtoto akapona, leo anacheza mpira mzima wa afya, lakini hakuna mtu aliyewahi kumweleza usiku ule ulikuwa nini. Jinsi mlezi alivyokataa kumpokea mdogo, na tajiri akasema ukikosa tena kesho usirudi. Alichukua kalamu ya hapa kazini. Aliangalia mtoto wa jirani alivyopakwa, akampaka wake. Mumewe alipoona, yeye alishindwa kusema alichofanya, akasema wamemchoma kwa nguvu.

"Nilidhani atakasirika siku mbili, yataisha," alisema. "Sikujua atakwenda polisi. Halafu mtoto akaugua, na uongo ukanikaa hapa." Aligusa koo. "Yule sista nimemtia matatani. Mwanangu nimemfanyia nini, afande?"

Kiroboto alishatoa simu. Alimweleza daktari kwa maneno machache.

"Una hakika hakuchanjwa?" daktari aliuliza, sauti imekuwa ya mtu mwingine.

"Mama yake yuko mbele yangu. Na mimi si mtu wa kazi yako, lakini shingo ya yule mtoto ilikuwa imekaza."

"Mleteni mama. Sasa hivi."

Simu ya pili ilikwenda kituoni: muuguzi aliye kwenye benchi aachiwe, aambiwe mama mwenyewe amekiri kupaka wino, yeye hana kesi, na aombwe radhi kwa adabu, si kwa kuguna.

Njiani mama hakulia. Alishika ukingo wa kiti mbele yake kwa mikono miwili, kama vile gari lingekwenda kasi zaidi akilisukuma. Walipofika ukumbini, alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, na mbele ya Kiroboto akamwambia yote bila kujitetea. Fundi alisikiliza. Grisi ya vidole vyake ikabaki ukutani alipojiegemeza.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Nimempeleka mtu polisi kwa mdomo wangu."

"Ndiyo, baba."

Fundi aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni. Alitaka kukasirika, Kiroboto aliiona hasira ikija, lakini ilikuta mtu amechoka na ikapita.

Mlango wa wodi ulifunguka. Daktari alitoka mbio na karatasi mkononi.

"Nadhani ni homa ya uti wa mgongo, utando wa ubongo umevimba. Dawa nimeshaianza kwa kukisia, lakini lazima nichukue maji ya mgongo nijue kama ndiyo dawa yenyewe. Baba, inuka, weka sahihi hapa."

Fundi hakuinuka. "Mwulize mama yake," alisema. "Mimi nimeshasema mengi nisiyoyajua."

Daktari alimgeukia mama na kalamu. Mama hakuipokea. Macho yake yalikuwa yamekwenda mwisho wa ukumbi, ambako mtu mwenye sare nyeupe alikuwa anakuja kwa haraka. Muuguzi alikuwa huru kwenda nyumbani kwake akalale. Hakwenda nyumbani.

Wanawake wawili walitazamana. Kiroboto alisogea ukutani, akawapisha.

"Sista," mama alisema, "nina swali."

"Mama, muda," daktari alianza.

"Muda wa swali moja upo, daktari," muuguzi alisema. "Nami nilisema haupo, ona tulipofika." Alimgeukia mama. "Sitakuficha, bado nina hasira na wewe. Uliza."

"Wakimchoma mgongoni hatalemaa? Watu wanasema wanaochomwa mgongoni hawatembei tena."

Muuguzi hakusema ni salama. Alimzungusha mama kwa mabega, taratibu, akamwekea kidole gumba juu ya uti wa mgongo, akauteremsha mpaka kiunoni.

"Ule uzi wa mishipa wa kututembeza unaishia hapa juu. Unausikia mfupa? Sindano haiingii hapa. Inaingia huku chini, ambako ndani kuna maji." Alibonyeza. "Itamwuma. Atalia. Kichwa kinaweza kumwuma baadaye. Mara chache sana panaingia uchafu, ndiyo maana watanawa mpaka utachoka kuwatazama. Kulemaa kwa ajili ya sindano hii, mimi sijapata kuona."

"Na msipofanya?"

"Tutaendelea kumpa dawa kwa kubahatisha. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza isiwe."

Mama alipeleka mkono nyuma, akautafuta mwenyewe mfupa ule kwa kidole chake.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo."

"Na yule mkubwa wangu? Usiku ule ilikuwa nini?"

"Homa ilimpanda haraka, na kuna watoto homa ikipanda haraka mwili unakakamaa. Chanjo inaweza kuleta homa hiyo. Inatisha kuliko inavyodhuru, na wengi hupona kama alivyopona. Ungeniuliza kama huyu mdogo naye angeshikwa, ningekwambia sijui, na ningekueleza dalili za kuangalia na lini umkimbize kwetu. Hayo ndiyo yote niliyotakiwa kukwambia siku ile. Hayafiki hata muda wa kumchoma mtoto mmoja."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akachukua kalamu mkononi mwa daktari, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

"Mfanyieni," alisema. "Lakini atakayemshika ni mimi, na wewe sista utasimama hapo nikuone."

Muuguzi alitangulia kusukuma mlango. Mama akaingia nyuma yake.